Laptopu Iliyojaa Mababu wa Watu

Herizo alikuwa na ugonjwa mmoja ambao mkewe aliuita uchoyo na yeye mwenyewe aliuita heshima. Hakuweza kufuta picha ya marehemu.

Harusi alizifuta bila huruma. Bwana harusi akishapewa filamu yake, Jumatatu asubuhi alifutwa pamoja na bibi harusi, wazazi wa pande zote mbili na keki. Lakini riziki kubwa ya mpiga video wa mji wa Antsirabe haiko kwenye harusi. Iko kwenye miezi ya baridi, mpunga ukishaingia ghalani, familia zinapofungua makaburi na kuwatoa wafu wao, kuwavisha sanda mpya, kuwachezesha mabegani kwa tarumbeta na ngoma, kisha kuwarudisha ndani wakalale miaka mingine. Miezi hiyo Herizo hakukaa nyumbani. Alitoka kwa hawa akaenda kwa wale, kamera shingoni, mafuta ya nguruwe yakimng'aa mdomoni, maana hakuna msiba usio na chakula na huu hata si msiba.

Kadi ya kamera aliisafisha kila wiki bila wasiwasi, kwa sababu picha zilikuwa zimeshahamia kwenye laptopu, na kuhama si kufa. Tatizo lilikuwa laptopu. Aliwahi kujaribu kufuta familia moja ya Betafo. Akachagua, akabonyeza, mashine ikamuuliza kwa Kifaransa kama ana hakika anataka kuwaondoa moja kwa moja. Herizo akayatazama yale maneno, jasho likamtoka kwenye baridi ile, akabonyeza hapana.

"Wewe, hao wa Betafo si walishachukua filamu yao?" Lalao, mkewe, alimuuliza.

"Walichukua."

"Sasa unawafuga wa nini?"

"Ni wazee wa watu, Lalao."

"Wazee wa watu wana kaburi la saruji lililopakwa rangi, zuri kuliko nyumba hii. Humu kwetu wanatafuta nini?"

Herizo akanywa maji yake ya ukoko wa wali. Ndivyo alivyokuwa tangu utoto. Mtu wa kunyamaza, mwema, anayekubali kazi zote na kuzichelewesha zote.

Mwaka huo ndipo alipopata kazi ya Nenibe Razafy. Huyu alikuwa bibi wa mtaa wa pili, fundi wa kushona, mjane wa mzee Ratsimba. Familia ilikuwa imeshapanga siku ya kumtoa Ratsimba, mnajimu ameshaitoa, ndugu wameshafika kutoka pwani, nguruwe ameshanenepa. Wiki ile ile Nenibe akateleza kwenye uwanja wa kuanikia mpunga, akavunjika paja. Siku haikuweza kusogezwa. Ya mnajimu ni ya mnajimu.

Herizo aliitwa hospitalini. Nenibe alikuwa amelala mguu juu, na kifuani ameweka sanda ya hariri aliyoishona kwa mkono wake mwenyewe.

"Mwanangu, mimi siendi," alisema. "Na safari ijayo, hata wakiwahi vipi, nitakuwa ndani mle mle pamoja naye. Kwa hiyo wewe ndiye macho yangu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Nenibe."

"Tazama hapa kwenye pindo. Nimepitisha uzi wa buluu, nje nimeufanya mnene ili nimjue. Maana atatoka na mdogo wake, Rafidy, na wale wawili walikuwa sawa kwa urefu na sawa kwa ubishi. Usije ukaniletea shemeji badala ya mume."

Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakacheka. Herizo naye akacheka, akaapa.

Na alifanya kazi nzuri, tusimnyime haki yake. Ratsimba alipolazwa kwenye mapaja ya wanawake, Herizo alipiga magoti kwenye mkeka, akapita na kamera polepole kwenye lile pindo, uzi wa buluu ukaonekana mshono kwa mshono. Aliirudia kuitazama jioni ile nyumbani na akajisifu peke yake. Kisha akahamishia kila kitu kwenye laptopu, akaisafisha kadi kwa ajili ya familia ya Jumamosi, akakaa kuunganisha filamu ya Nenibe.

Mashine ikakataa. Hakuna nafasi. Akafuta nyimbo, akafuta harusi mbili ambazo hata hazijachukuliwa, akafuta michezo ya wanawe wakalia. Bado. Akaibeba laptopu kwapani hadi soko la Asabotsy, kwenye kibanda cha rafiki yake Tsiry, mtengenezaji wa simu na kompyuta.

Tsiry alifungua, akaguna. "Hii si laptopu, hii ni makaburi. Futa watu, Herizo."

"Nifute nani?"

"Nitajuaje? Yeyote! Huyu hapa, wa mwaka juzi."

"Huyo ni bibi yake mwalimu mkuu."

Tsiry akamtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Na Tsiry, ambaye naye ana baba yake kaburini na anamheshimu, akashusha pumzi, akaanza kupekua kwenye diski kutafuta kitu kisicho na ukoo. Akakipata.

"Kuna hiki," alisema. "Chumba cha kiwanda. Diski imegawanywa, kuna sehemu wameificha, wameweka nakala ya mfumo, ili mashine ikichafuka uirudishe ilivyotoka dukani. Ni kikubwa hiki. Tukikivunja, filamu yako inaingia na nafasi inabaki."

"Mle ndani hamna mtu?"

"Hamna mtu. Mna kiwanda."

Herizo akafurahi kama aliyeonyeshwa shamba lisilo na mwenyewe. Tsiry akaeleza masharti. Nakala ya kiwanda ihifadhiwe kwanza kwenye fleshi. Na kwa kuwa chumba cha kiwanda kiko mbele na cha Herizo kiko nyuma, ukuta ukishavunjwa lazima vitu vyote visogezwe kuelekea mbele, kimoja kimoja, na mashine isizimike hata kidogo hadi imalize.

"Betri inakaa?"

"Betri ilikufa zamani."

"Basi tafuta mahali penye umeme wa uhakika."

Wakatazamana, wakacheka wote wawili, kicheko cha watu wa Antsirabe wanaoujua umeme wao. "Au niletee diski ya nje kwanza, tunakili mababu wako wote," Tsiry aliongeza. Herizo akasema angeazima kwa shemeji yake. Shemeji alikuwa safarini. Ndugu zake Nenibe walikuwa wameshauliza filamu iko wapi, na Nenibe ameshatolewa hospitalini, amekaa barazani anasubiri. Kwa hiyo vitu vya kiwanda, ambavyo havikuwa babu wa mtu yeyote, vikapata nakala yao kwenye fleshi. Mababu hawakupata.

Alichagua asubuhi, kwa sababu mtaani kwao umeme ulizoea kukatika jioni. Kile chumba alikifuta bila kusita. Mashine ilipouliza kama ana hakika, alibonyeza ndiyo kwa kidole chepesi. Kisha vitu vikaanza kusogea. Mstari wa kijani ukawa unatambaa kwenye kioo, na Herizo akakaa mbele yake, mikono mapajani, hata chai hakunywa. Ulikuwa umepita katikati pale redio ya jirani iliponyamaza ghafla.

Kioo kikawa cheusi. Herizo aliuona uso wake mle ndani.

Hakupiga kelele. Aliinuka akabonyeza swichi ya taa, akaibonyeza tena, kana kwamba taa ingemwonea huruma. Akatoka nje. Watu walikuwa wanafua, wavuta vigari vya posiposi wanapita na abiria wao, hakuna aliyejali, umeme umekatika kama siku zote. Akarudi ndani, akaketi pale pale. Lalao alimkuta hivyo, akafungua mdomo kumtania, akaufunga. Akamwekea shuka mabegani.

Umeme uliporudi, mashine iliwaka ikasema haioni kitu. Tsiry alihangaika nayo siku nyingi.

"Na kile chumba cha kiwanda, kingekuwepo kingesaidia?" Herizo aliuliza. Alikuwa anaulizauliza kama mtu mwenye homa.

"Kingeleta mfumo tu, ndugu yangu. Mababu hakiwajui."

Mwishowe programu ya uokoaji ilikokota vipande. Havikuwa na majina, havikuwa na tarehe, vingi havikuwa na sauti. Tarumbeta zilipulizwa kimya. Miguu ilicheza bila vichwa. Herizo alikuwa na desturi ya kumpiga picha mkuu wa ukoo akitaja jina la kila marehemu mlangoni mwa kaburi, na vipande hivyo vyote, vya familia zote, vilitoka bubu. Sanda nyeupe juu ya mabega, sanda nyeupe juu ya mapaja, na yeye aliyekaa nao miaka yote hiyo hakuweza kusema huyu ni nani kwa wengi wao. Akavipitia vyote kutafuta uzi wa buluu. Akarudia tena tangu mwanzo. Katika vya nyumba ya Nenibe alibaini masufuria ya wali, mjomba anayehutubia bila sauti, na kipande kimoja kifupi: Voahirana, binti yake Nenibe, amepakata sanda mapajani. Pindo la sanda ile lilikuwa jeupe tupu.

Ile laptopu Tsiry aliirudisha kwa fleshi ya kiwanda, akaipachika na betri aliyoipata kwa kuchelewa. Ikawaka safi kabisa, nyepesi, na picha ya mlima wa buluu ambao hakuna anayejua uko wapi. Hata vile vipande viliporudishwa humo, ilibaki na nafasi tele.

Herizo alikwenda kwa Nenibe kwa miguu, laptopu kwapani. Voahirana alimpokea uani, akasimuliwa yote pale pale kando ya banda la kuku. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Akaomba kuona kile kipande, akakiona.

"Huyu ni baba mdogo," alisema.

"Najua. Nimekuja kumwambia."

"Humwambii. Mama amesukwa nywele tangu alfajiri, amevaa shali ya kanisani. Macho yake yameshachoka, na sanda ni sanda. Mwonyeshe huyu."

"Dada, aliniambia kabisa kwamba..."

"Herizo. Unacho kingine cha kumwonyesha?"

Hakuwa nacho. Akamfuata kama mtoto anayepelekwa kuchanjwa. Nenibe alikuwa ameketi juani barazani, mguu umenyooshwa kwenye mkeka, na kando yake ameweka kiti kitupu kwa ajili ya laptopu, na juu ya kiti ametandika kitambaa cha kufuma.

"Umekonda, mwanangu," alisema. "Wamekunyima nguruwe?"

"Hapana, Nenibe."

"Haya. Nionyeshe mtu wangu."

Herizo akabonyeza. Kipande kikacheza. Mikono ya Voahirana ikaivuta sanda, ikaikunja, ikaifunga, watu wakayumba nyuma bila sauti. Nenibe akainama mpaka pua ikakaribia kioo. Kipande kikaisha. Akasema kirudishwe. Kikaisha tena. Akanyoosha kidole, akakipitisha polepole kwenye pindo la sanda, toka huku hadi kule, kama anavyokagua mshono wa mteja, akakirudisha kidole mapajani.

Voahirana akasema, "Si unamwona, mama?"

"Namwona," alisema Nenibe.

Herizo alikuwa ameinamisha kichwa. Angetoa kila alichonacho ili yule bibi amtukane, amfukuze, amtupie hata kile kiti. Nenibe hakumtazama. Aliiweka sawa shali yake mabegani, kama anavyofanya mwanamke anayezungumza na shemeji mbele za watu, akakiinamia kioo kwa heshima.

"Rafidy, hujambo?" alisema. "Umependeza. Mmevishwa vizuri." Akashusha sauti. "Huyo mwenzako aliyelala hapo kando yako, mwambie nilitaka kuja. Mwambie ni mguu."

Kisha akamwomba Herizo akirudishe tena, maana pengine Rafidy hajasikia.