Mbuzi Asiye na Mwenyewe

Pikipiki ya Modestus ilikuwa na kikohozi chake. Ikianza tu kupanda kilima cha Mugoma, Anjelika aliitambua hata kabla ya mbwa, akaacha jembe palepale na kuita, "Kaneza!" Mjukuu wake alichomoka mbio hadi nyuma ya migomba, akajilaza kwenye majani makavu, akanyamaza kimya. Alikuwa ameshafundishwa: usitoke hata ukisikia unaitwa kwa jina, mpaka bibi aje akushike mkono. Kitoto cha miaka minne, kimekonda mpaka unakionea huruma, lakini kwa kujificha hakikuwa na mpinzani.

Msije mkamwita Anjelika kichaa. Alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa msichana, amembeba mgongoni Ciza, mtoto wa dada yake; dada mwenyewe alifia njiani. Kambini, hapa hapa Ngara, wakaja watu wakarimu kupita kiasi: biskuti, masweta, dawa za minyoo. Wakawapiga picha watoto waliofiwa. Wakasema Ciza anapelekwa kutibiwa, akipona atarudishwa. Anjelika alimfunga vifungo vya sweta kwa mikono yake mwenyewe, akampungia. Gari likaondoka, na mpaka leo hakuna aliyemwambia lilikwenda wapi.

Baadaye aliolewa na Elick, Mhangaza, mwenyeji wa Mugoma, akazaa, akamzika mume, kisha akamzika binti aliyemwachia Kaneza. Alilima maharage yake na migomba yake, na kanisani aliimba kwa sauti kuliko wote. Lakini mtu akimpa kitu cha bure, hakukigusa mpaka ajue kimetoka kwa nani.

Basi wakaja watu wa mbuzi. Ndivyo kijiji kilivyowaita. Walikuwa watu wa kujitolea tu, hakuna aliyelipwa: mwalimu, fundi cherehani, muuguzi mstaafu, na huyo Modestus mwenye pikipiki. Walichanga chao, wenzao wa ng'ambo wakachanga chao, na mafuriko yalipoikumba Burundi walikusanya mahindi vijijini wakayapeleka huko. Muuguzi alimwona Kaneza kanisani, akamshika mkono, akatikisa kichwa. Mtoto huyu anataka maziwa, akasema. Haukupita muda, Modestus akamleta mbuzi wa maziwa, jike mwenye mimba, mpaka mlangoni.

"Shikamoo, bibi. Huyu ni wako."

"Marahaba. Wa nani?"

"Wako, bibi."

"Masikio ninayo. Nakuuliza, kabla hajawa wangu alikuwa wa nani?"

Modestus akacheka. Akasema hana mwenyewe hasa, watu wengi wamechanga, wengine wako mbali hata yeye hawajui. Kisha akatoa simu, akaomba ampige picha mtoto pamoja na mbuzi ili waliochanga waone. Lo! Hapo ndipo alipoharibu kabisa.

Kwa kina Anjelika mnyama hatolewi hivi hivi kama kiberiti. Anayekupa unamjua kwa jina. Unapika pombe ya ndizi, unambebea mpaka kwake, mnakunywa, naye anasema kwa kinywa chake alichokupa na anachotaka kwako. Hapo mnyama amekuwa wako. Kabla ya hapo umemshikia tu. Sasa huyu asiye na mwenyewe, pombe ipelekwe kwa nani? Na mtu asiyetaka hata pombe, anataka nini? Anjelika alikitazama kibanda chake, kuku wake, sufuria zake. Hakuona cha kutamanika humo isipokuwa Kaneza.

Hakumkamua. Mbuzi alizaa, kitoto chake kikanyonya maziwa yote, kikanona, kikawa kinaruka uani huku Kaneza akikikodolea macho.

"Bibi, na mimi?"

"Hayo si yetu."

Jirani yake, Niragira, alishindwa kuvumilia. "We mama una moyo gani? Mtoto anakwisha na maziwa yanatembea uani!"

"Wewe ulishawahi kunyang'anywa mtoto?"

Niragira akageuka, akaenda zake.

Lakini lile neno la Niragira, kwamba mtoto anakwisha, lilibaki likimsumbua. Modestus aliporudi, Anjelika alimsubiri barabarani, mikono kiunoni. "Nitajie jina. La mtu mmoja, mwenye nyumba na mlango. Ama sivyo, funga mbuzi wako kwenye pikipiki uondoke naye."

Kijana wa watu akajikuna kichwa. "Mama wa huyu mbuzi yuko Biharamulo, bibi, kule Runazi, kwa mama mmoja anaitwa Restituta. Ndio utaratibu wetu. Ukipewa, mtoto jike wa kwanza unampa mwingine."

"Kumbe mwenyewe yupo! Mbona ulinificha?"

Masikini, hakuficha. Alipoulizwa mara ya kwanza alidhani bibi anataka kujua nani alitoa pesa.

Anjelika alipika pombe. Ilipoiva akaimimina kwenye dumu, akamwacha Kaneza ndani kwa Niragira, mlango umefungwa, akapanda gari la Biharamulo. Runazi alishuka akauliza mpaka akafika kwenye nyumba iliyozungukwa na mihogo. Mwanamke mmoja alikuwa anapukuchua mahindi uani. Alipoona mgeni asiyemjua, alimkamata mwanawe begani, akamsukuma ndani, akavuta mlango, kisha akausimamia kwa mgongo wake.

Anjelika alitua dumu chini. Kuficha mtoto namna ile alikujua vizuri mno.

"Nani kakutuma?" mwanamke akauliza.

"Sijatumwa. Wewe ndiye Restituta? Nimekuja kwa ajili ya yule mbuzi."

"Amekufa? Mimi sina mwingine wa kutoa, kawaambie hivyo!"

"Hajakufa, dada. Nimekuletea pombe."

Restituta alilitazama dumu, akamtazama aliyelileta. "Onja wewe kwanza."

Anjelika akaonja, akameza, akafungua kinywa wazi kama mtoto aliyepewa dawa. Restituta akacheka bila kutaka, akaleta vigoda na vikombe. Wakanywa kikombe cha kwanza. Ndipo Anjelika alipouliza lile lililomleta. "Sema unachotaka kwangu."

"Nitake nini? Niliambiwa nimtoe, nikamtoa huku nalia. Mbuzi mzuri vile!" Restituta akashusha sauti, akaelekeza kidevu mlangoni. "Mimi nilidhani wanamtaka huyu. Haki ya Mungu, kila gari likipita nilimfungia. Mwishowe wakaja kweli. Wakachukua mbuzi, wakasema asante, wakaenda zao. Na bado nikiona mgeni nashtuka, kama ulivyoniona." Akajimiminia tena. "Wakaniambia anakwenda kwa bibi mwenye mjukuu mgonjwa. Vipi, anakunywa vizuri?"

Anjelika aliinamia kikombe chake. "Anakunywa," akasema. Aibu ilimpanda mpaka machozi yakamlenga, akasingizia pombe kali.

Kesho yake asubuhi alikifunga kitoto cha mbuzi kando, akachuchumaa, akakamua. Maziwa hayakufika nusu ya kikombe, maana mbuzi hakuwa amezoeshwa. Akayachemsha, akayapoza, akampa Kaneza mkononi. Mtoto alimwangalia bibi usoni.

"Ni yetu?"

"Ni yetu. Kunywa, mama."

Kaneza akanywa funda la kwanza, mdomo ukawa mweupe. Anjelika alikuwa anacheka peke yake aliposikia kile kikohozi kikipanda kilima. Safari hii hakushtuka. Alifurahi hasa, akageuka kuchukua kigoda cha mgeni.

Nyuma yake kikombe kikaanguka. Alipogeuka maziwa yalikuwa yanazama kwenye majivu ya mafiga, na Kaneza hayupo.

"Kaneza! Rudi, mjukuu wangu! Ni Modestus tu!"

Migomba ilikuwa kimya. Akaita tena kwa sauti tamu, akaita kwa kubembeleza, na kadiri alivyoita ndivyo kimya kilivyozidi. Akaingia mwenyewe migombani. Alimkuta kwenye majani makavu, macho ameyafumba, viganja viwili juu ya mdomo. Anjelika akamshika mkono, kama walivyokubaliana, akamvuta taratibu. Mtoto hakuinuka. Akauvuta mkono wa bibi kuelekea chini.

"Bibi," akanong'ona, "lala na wewe. Watakuona."

Uani Modestus alipiga hodi, akangoja, akapiga tena.