Dada Zaina na Pijo ya Mwalimu

Harufu ya puti ya kuzibia mibonyeo ya gari, kali yenye utamu kama wa pichi zilizochacha, ndiyo iliyojaa uani kwetu Lushoto msimu ule wa mvua za vuli nilipokuwa darasa la tano. Baba yangu alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari, nami, Mwanahawa, nilikuwa binti pekee pale nyumbani. Nilijua kuchanganya puti, nilijua msasa wa maji na msasa mkavu, na baba na wateja walizoea kuniita fundi mdogo. Kisha mwalimu mstaafu wa Mponde akaleta gari lake la ujanani, Pijo 404, likivutwa na lori, milango imeliwa na kutu hadi unaona majani upande wa pili. Juma hilohilo akaja Zaina.

Zaina alikuwa binti wa baba kwa mke wake wa kwanza, amelelewa na mama yake huko chini Magoma. Alikuwa amemaliza la saba, akaja kukaa nasi akisubiri matokeo. Alifika akitetemeka kwa ukungu, na baba akamvalisha sweta langu la buluu bila kuniuliza.

Baba alikata sehemu za Pijo zilizooza, akachomelea bati jipya, akaligonga polepole kwa nyundo mpaka likafuata umbo la mlango. Alipomaliza kupaka puti na kuisugua, alituita sote wawili. "Fumbeni macho, mpapase." Mimi nilisikia ulaini tu. Zaina alisimamisha kidole karibu na kitasa.

"Baba, hapa pamebonyea kidogo."

Baba akapapasa, akacheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia. "Mkono wa bibi yako huu! Mkono wa mama yangu kabisa!"

Tangu siku ile msasa ukawa wa Zaina, mimi nikawa wa kuteka maji. Wakati wa kula niliikodolea macho sahani yake nione kama finyango lake la nyama ni kubwa kuliko langu. Usiku nilimwomba Mungu rangi ya Pijo itoke na mabaka. Haikutoka na mabaka. Ilitoka nyeupe kama maziwa, mbavu zake zimenyooka, na mwalimu alipoiona alivua kofia.

Mwalimu akaahidi kumshusha Zaina hadi kwao. Asubuhi ya kuondoka, tukiosha vyombo bombani, Zaina aliniuliza, "Unanionea wivu, eti?"

Niliendelea kusugua sufuria.

"Mimi nimekuonea wivu tangu ulipozaliwa," alisema. "Kila Idi baba alikuja Magoma. Jua likianza kushuka, anavaa koti. Anasema, Mwanahawa ananisubiri." Akafuta mikono, akavua sweta langu, akanipa.

Nilidhani akiondoka nitapumua. Lakini baba alisimama barabarani muda mrefu baada ya gari kupotea konani, na aliporudi hakuniita fundi.

Leo Zaina ana gereji yake Korogwe, nami ni mwalimu hapahapa Lushoto. Baba amezeeka, anaishi kwangu. Mimi ndiye ninayempikia uji na kumkata kucha. Lakini simu ya Zaina ikiita, uso wa baba unang'aa, na wanaongea habari za bodi na rangi hadi chai inapoa. Mimi hutoka nje kuanika nguo, nikiona wivu kama mtoto wa darasa la tano. Tofauti ni moja tu: sasa najua kwamba simu ikikatika, huko Korogwe anabaki mtu mwingine akinionea wivu mimi.