Vyanzo Vitatu vya Alizeti

Kazi ya maktaba haijanifanya mpole. Watu hudhani anayekaa na vitabu hupoa kama chai iliyosahauliwa mezani. Mimi nimezidi kuwa mkali, hasa nikimsikia mwanafunzi akisema "nimeona mtandaoni," kana kwamba mtandao ni shangazi yake. Kituo chetu cha chuo hapa Tarime ni kidogo, na wanafunzi wengi ni walimu wa shule za msingi wanaosomea shahada huku wakiendelea na kazi. Huja Jumamosi kutoka Nyamwaga, Nyambureti, hata Machochwe kule pembezoni mwa hifadhi. Kabla ya kuruhusiwa kuanza utafiti wa mwisho, lazima wafaulu somo langu: kutafuta habari, kuipima na kueleza imetoka wapi.

Slaidi za kufundishia zilitumwa na makao makuu. Zilikuwa na mishale mingi na zililaza watu. Siku moja nikaizima projekta, nikawauliza, "Ng'ombe wakiibwa kwenu mnafanyaje?" Darasa likaamka. Wakaanza kupokezana wenyewe: mnafuata unyayo. Ukiingia kwenye kijiji, wenye kijiji wanaupokea na kuonyesha ulikoelekea, kisha kijiji cha mbele nacho kinaupokea. Kijiji ambako unyayo umepotea, na wenyewe hawawezi kuonyesha ulikoelekea, ndicho kinacholipa. Nikawaambia, basi, hata habari ndivyo inavyofuatwa. Kila ukurasa uulizeni, hili umelitoa wapi? Ukiwaonyesha njia, songeni mbele. Ukikaa kimya, mmefika kwa mwenye deni.

Katika darasa hilo alikuwemo mama mmoja, mwalimu wa Machochwe, mtu mzima mwenye sauti ya chini. Mtihani wa kwanza, ule wa kuweka alama ya vema kwenye jibu sahihi, alikuwa amefeli. Sikushangaa. Usiku wa kuamkia mtihani alikuwa shambani akipiga debe kufukuza tembo kwenye mahindi, akaja kwangu macho mekundu kama pilipili. Ilibaki nafasi moja tu ya kurudia. Akifeli tena, utafiti wake unasogezwa mwaka mzima, na shuleni kwake walishaanza kumuuliza hiyo shahada inaiva lini.

Mtihani wa kurudia ulikuwa wa vitendo. Chagua jambo linalosemwa kwenu, tafuta vyanzo vitatu vya kuaminika, eleza kwa nini unaviamini. Yeye akachagua alizeti. Kwao ilikuwa imeenea habari kwenye makundi ya simu kwamba tembo hawali alizeti, na mumewe alikuwa tayari kuuza fahali ili shamba lote waliweke alizeti. Kila mke alipouliza nani kasema, mume alijibu, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja."

Nilikuwa nikizunguka kati ya kompyuta. Mapema kabisa nikaona ameshafungua kurasa tatu, zote zinasema tembo hawagusi alizeti. Moyoni nikasema, mama amevuka. Wenzake wakaanza kukusanya karatasi na kutoka nje kununua mahindi ya kuchoma. Yeye bado anafungua, anarudi nyuma, anaandika, anafuta. Nikamsogelea.

"Mama, muda unaisha. Andika."

"Mwalimu, huu unyayo hautoki."

Sikuwa na ruhusa ya kumsaidia, nikaondoka nikiwa nimenuna. Aliikabidhi karatasi akiwa wa mwisho. Niliisoma nikiwa nimesimama palepale. Ukurasa wa kwanza, aliandika, umeyachukua maneno yake kwenye ukurasa wa pili, na wa pili umeyachukua kwenye wa tatu. Picha ya tembo ni moja kote, na mlima ulio nyuma ya huyo tembo si wa kwetu. Ukurasa wa tatu ni wa muuza mbegu za alizeti, naye anasema tu "wataalamu wamethibitisha," bila kusema wataalamu gani. Akaendelea kwamba ameingia pia kwenye majarida ya chuo, akapata maandiko kuhusu pilipili na nyuki, lakini kuhusu alizeti, kwa muda aliopewa, hakupata kitu. Mwisho akafunga hivi: "Sina vyanzo vitatu. Ninacho kimoja, nacho kinauza mbegu. Kwa hiyo sijui kama tembo hawali alizeti."

Hasira zikanipanda. Mwongozo wa kusahihisha ulikuwa wazi: alama nyingi ziko kwenye vyanzo vitatu.

"Si ungeviandika tu hivyo vitatu, mama? Ungefaulu!"

Akanitazama bila kukunja uso. "Ningefaulu, mwalimu. Halafu nyumbani ningemwambia nini mzee?"

Nimefundisha somo hili miaka mingi, na wengi wamelifaulu kwa kunipa nilichotaka kusoma. Huyu alikuwa na kila sababu ya kufanya hivyo, akakataa mbele ya macho yangu. Nilimheshimu siku ile kuliko maprofesa kadhaa ninaowajua, na sitawataja kwa sababu bado wanaazima vitabu kwangu.

Nikampa alama za juu, nikaandika sababu pembeni, nikatuma karatasi makao makuu kwa msahihishaji wa pili. Bila yeye kukubali, alama zangu zilikuwa kelele tu. Ni kijana msomi, hana utani kazini. Akapiga simu.

"Shikamoo mzee. Huyu ameshindwa kupata vyanzo, mbona umempa alama zote hizi?"

"Marahaba. Hajashindwa kupata. Amevifuata, akakuta vitatu ni kimoja."

"Mwongozo unasema vitatu."

"Mwongozo haulimi Machochwe. Fungua hizo kurasa, uzifuate mwenyewe, halafu unipigie."

Akakata. Nilijua nimevuka mpaka, maana mimi ni mkutubi wa kituo na yeye ndiye mwenye saini. Wiki nzima nilikuwa nikiruka kila simu inapolia. Mama wa Machochwe hakupiga hata mara moja kuuliza. Kumbe hofu yote alikuwa ameniachia mimi.

Kijana akapiga hatimaye. "Mzee, nimefika mpaka kwa muuza mbegu. Nusura ninunue." Tukacheka sana wote wawili, naye akasaini.

Nilipompa mama habari, alishukuru Mungu, kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia: hilo la alizeti ndilo anataka kulifanyia utafiti wake. Mumewe alikuwa amekubali, kwa manung'uniko, kutenga kipande kidogo tu pembeni ya mahindi kwa ajili ya alizeti. Yeye angekaa, aone, aandike. Nilimwonya kwamba utafiti wa kipande kimoja ni mdogo. Akasema kidogo alichokiona mwenyewe kinamtosha kuanzia.

Mvua zikaja, alizeti ikachanua. Asubuhi moja, kabla sijafungua madirisha ya maktaba, ujumbe wake ukaingia kwenye simu: "Shikamoo mwalimu. Tembo wameingia, wamekula alizeti yote, wamebakiza mabua. Nimepima, nimepiga picha, nimeandika na tarehe. Mzee wangu tangu alfajiri anatazama tu kile kipande. Mtu akikuuliza kama tembo wanakula alizeti, mwambie aje Machochwe."