Neno "keep" na Cherehani ya Mama

Katika laini yetu, safu ya nyumba za vibarua kwenye shamba la Mzungu kati ya Njoro na Elburgon, hakuna msichana aliyenishinda kwa Kiingereza, na nilihakikisha kila mtu anajua hivyo. Nilikuwa darasa la saba. Kusema kweli Kiingereza chenyewe kilikuwa cha kuombea maji, lakini mahali ambapo wengi hawakujua kusoma, hicho kilitosha kunivimbisha kichwa.

Mama alikuwa akifua na kupiga pasi kwa memsahibu, mke wa yule Mzungu. Huko ndiko alikojifunzia kushona. Alianza na viraka vya shuka, akaja pindo, na mwishowe memsahibu akawa anavaa magauni aliyoshona mama. Shida yake mama ilikuwa moja tu: hakuwa na cherehani. Angekuwa nayo, alisema, angekaa mlangoni pake ashonee watu, na asingerudi tena kuchuma maua ya pareto asubuhi za baridi, vidole vimekufa ganzi na kikapu kinamvuta kiuno.

Mwaka ule bwana aliugua ghafla, wakaondoka kwenda Ulaya akatibiwe, shamba wakamwachia msimamizi. Mama hakuwepo. Alikuwa Elburgon kwa dada yake aliyekuwa amejifungua. Aliporudi alikuta mpishi amemwekea cherehani ya memsahibu jikoni, na juu yake kikaratasi alichoandika memsahibu. Akaja kuniita mimi nimsomee.

Kilikuwa na mstari mmoja. "Please keep the machine."

Mwalimu wetu alikuwa ametufundisha kwamba "keep" ni kutunza. Kila Ijumaa alituambia "keep your books clean", nasi tukatunza vitabu. Nikasoma kwa sauti ya mtu anayesoma kanisani: "Tafadhali tunza mashini."

"Mpaka lini?" mama akauliza.

Hapo ningesema sijui. Lakini mpishi alikuwa ananiangalia, na mimi sikuwa mtu wa kusema sijui. Nikaitazama karatasi tena, nikajibu, "Mpaka nitakaporudi."

Mama akaitunza. Aliifunika kwa shuka nyeupe, na kila Jumamosi aliifuta vumbi na kuitia mafuta, lakini hakuipitishia hata uzi mmoja. Msimamizi hakuwa na haja ya mfuaji, kwa hiyo mama alirudi kwenye pareto. Wanawake wa laini walimletea vitambaa vya sare za watoto. Aliwarudisha. "Si yangu hiyo. Mwenyewe amesema mpaka arudi." Ilikuwa miaka ile mkoloni alipotangaza hali ya hatari, na askari walikuwa wakipekua nyumba zetu. Mmoja aliiona ile cherehani, akadai karatasi ya umiliki, mama akampa kile kikaratasi, akakisoma, akasema, "Sawa, mama," akatoka. Mama alifurahi kwamba ameonekana mwaminifu.

Memsahibu hakurudi. Mwaka wa pili mdogo wangu aliacha shule akiwa darasa la tatu, kwa sababu kikapu kimoja cha pareto hakikututosha. Mimi niliendelea na masomo. Nilikuwa ndiye mwenye akili.

Mwaka wa tatu nilikuwa chuo cha ualimu. Siku moja mkufunzi wetu, mama wa Kiingereza mwenye sauti ya upole, aliniazima kalamu ya wino. Nilipomrudishia alisema, "Keep it." Nikaifunga kwenye leso, nikaiweka chini kabisa ya sanduku langu. Baada ya wiki mbili aliniuliza mbona bado naandika kwa penseli. Nikamwambia ninamtunzia kalamu yake. Alicheka kidogo, bila ubaya, akaenda ubaoni. Akatueleza kwamba neno hilo likija na kuku ni kufuga, likija na ahadi ni kutimiza, likija na ukimya ni kunyamaza. Na mtu akikuachia kitu mkononi akasema "keep it", amekupa, ni chako.

Wenzangu walicheka hadi kengele ikalia. Mimi nilifunga daftari. Sikuwa nikifikiria kalamu.

Likizo ilipofika nilishuka Nakuru, nikaomba lifti kwenye lori lililokuwa likirudi Elburgon kuchukua mbao. Nilimkuta mama mlangoni akichagua maharagwe. Sikungoja hata chai. Nilimweleza yote, kuku na ahadi na ukimya, nikasema Kiingereza ni lugha ya ujanja, neno moja lina maana kumi, hata mwalimu wetu wa zamani hakuzijua. Nilieleza vizuri sana. Ningepewa alama zote.

Mama aliendelea kuchagua maharagwe mpaka nikamaliza.

"Kwa hivyo ni yangu," alisema.

"Ni yako, mama. Tangu siku ile."

Aliingia ndani, akatoka na kitabu chake cha nyimbo. Kikaratasi kilikuwa katikati, kimekunjwa mara nne. Akakifungua juu ya goti lake, akanisogezea.

"Hilo neno lilikushinda, haidhuru, ulikuwa mtoto. Sasa niwekee kidole mahali amesema mpaka arudi."

Nilikitazama kile kikaratasi kana kwamba maneno yangejiandika. Kisha nikamwambia hayapo, niliyatia mwenyewe. Niliona aibu ambayo sijaiona tena maishani.

Mama hakunigombeza. Alimwita mdogo wangu kutoka shambani, akamwambia anawe mikono, alete gauni lake lililopasuka begani, amshikie kitambaa. Wakaivua cherehani shuka wao wawili.

Mwaka uliofuata nilipata cheti cha ualimu. Watu wa laini waliniletea barua zao niwasomee. Za mama zilisomwa na karani wa shamba.