Mtu Aliyeanza na Damu Yake

Nilikuwa kwa fundi viatu, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna, mke wa rafiki yangu aliponipigia simu kuniambia kwamba mume wake amefariki. Nikatoka hivyo hivyo hadi barabarani, fundi akiniita nyuma. Wasomaji wangu wengi hamkumfahamu. Alikuwa mpima damu pale Bariadi, enzi ambazo Simiyu haijawa mkoa, na hakuwahi kutajwa gazetini hata siku moja, labda kwa sababu kazi yake ilikuwa kuhesabu vitu ambavyo macho hayavioni. Nilimpenda sana, na niliwahi kumkosea.

Ilikuwa miaka ambayo soko huria limeshatufikia hata sisi. Wanunuzi wa pamba walikuwa wengi hadi wanagombania vijiji, dawa zinauzwa mpaka kwenye vibaraza, na mtu mwenye cheti na chumba kimoja aliweza kufungua maabara yake. Yeye alifungua. Alikuwa na hadubini, friji, na mashine ndogo ya kuhesabu CD4, zile chembe nyeupe za damu ambazo virusi vya Ukimwi huziwinda. Mashine peke yake haikujua kitu. Kilichojua ni kimiminika ndani ya kichupa kisichozidi kidole gumba: kingamwili iliyotengenezwa ng'ambo na kuunganishwa na rangi inayong'aa. Ukiitia kwenye damu inaziacha chembe nyingine na kwenda kung'ang'ania protini moja tu, iliyo juu ya zile chembe zinazotafutwa. Mashine inahesabu vinavyong'aa, basi. Mimi karani wa pamba nilimuuliza mara tano inajuaje pa kushika, na mara zote tano alifurahi kuulizwa.

Jibu zuri zaidi nilimsikia akimpa mzee mfugaji kutoka Mwanhuzi, aliyemleta binti yake apimwe ili ijulikane kama ameshafikia kuanzishiwa dawa.

"Mwangaluka, ng'wanone," mzee alisalimia kwa Kisukuma, kama anayemsalimu mwanawe, kisha akataka kuiona hiyo dawa ya kupimia kabla haijagusa damu ya binti yake.

"Baba, ng'ombe wako wakichanganyika na wa jirani unawatambuaje?"

"Kwa masikio. Sisi tunakata ncha, wao wanatoboa."

"Basi hii nayo inatafuta sikio. Ikikuta sikio silo, inapita."

Mzee akakitazama kichupa kwa muda. "Na huyu mchungaji wako akiwa kipofu, wewe utajuaje?"

Yule bwana alicheka mpaka akavua miwani. Akafungua mlango wa kabati na kumwonyesha karatasi iliyobandikwa kwa ndani. Kila alipofungua kichupa kipya alijitoa damu yeye kwanza, akajipima, akaandika namba yake pale. "Namjaribu kwa ng'ombe wangu mwenyewe, baba. Hao idadi yao naijua." Mzee akaridhika. Bahati mbaya kichupa kilikuwa kimebaki na tone lisilotosha mtu, wakaambiwa warudi wiki inayofuata.

Kichupa walichokuwa wanakisubiri nilikileta mimi, kutoka Mwanza, kwa gari la kampuni. Nilikabidhiwa kikiwa kimeviringishwa gazeti na kitambaa, ndani ya boksi lenye barafu chini. "Usikifungue, ndugu yangu. Kilete kilivyo," aliniambia kwenye simu. Tulipofika Kalemela jua lilikuwa kali na barafu imeshakuwa maji. Palikuwa na lori linapakia samaki, na wapakiaji wakanijazia barafu yao bila hiyana. Kwa uhakika wa mtu asiyejua, niliona lile gazeti linazuia ubaridi. Nikalitoa, nikakizika kichupa katikati ya barafu kama sangara, na karibu na Bariadi nikakifunga tena kama nilivyokikuta. Nilijiona mjanja kweli.

Asubuhi yake alijipima. Namba yake, ambayo siku zote ilikuwa mia nane na kitu, ikaja mia na ishirini. Akarudia, ikaja ileile. Akamweleza mke wake, na miaka ile namba ya namna hiyo ilikuwa na maana moja tu kichwani mwa kila mtu. Alijipima virusi, hakuwa navyo, akampelekea karatasi. Mke wake, mwalimu wa shule ya msingi, aliisoma akauliza: "Aliyepima nani? Aliyeandika nani?" Kisha akaanza kukunja nguo zake arudi kwao Maswa. Mchana nilipopita nilimkuta yule bwana ameketi mlangoni. "Ama naumwa mimi, ama inaumwa dawa," aliniambia. "Lakini wewe umeileta salama, si ndiyo?" Nikasema ndiyo. Hadi leo neno hilo linaniuma.

Asubuhi iliyofuata nilirudi kukiri, na mke wake alikuwepo, begi miguuni, amekuja kuacha funguo. Nilitegemea kutukanwa. Badala yake uso wa yule bwana ulichangamka. "Barafu ya samaki? Walikuwa wameitia chumvi?" Nikakumbuka kwamba vidole vyangu vilikuwa na ladha ya chumvi. "Chumvi inaifanya barafu izidi kuwa baridi. Kimeganda hicho, na kikiyeyuka huwezi kukitofautisha kwa macho." Akanikalisha, akanitoa damu, akaipima mbele ya mke wake. Mimi, mzima wa kula ugali sahani mbili, nikapata sabini na nane. Mwalimu akaitazama namba, akanitazama na mimi. "Shemeji, basi wewe ndiye utakayetangulia." Akacheka, akalia, na begi likarudi nyumbani. Kichupa kingine kilipofika, yule bwana alirudi kwenye mia nane zake, na binti wa Mwanhuzi akapata namba yake ya kweli na kuanzishiwa dawa.

Nimelifikiria sana jambo hili. Miaka ile kila kitu kilitufikia kimefungwa vizuri: mbegu, dawa za malaria, dawa za pamba ambazo wadudu waliogea na kwenda zao. Tuliamini lakiri, na aliyegundua ubovu alikuwa mnunuzi, shambani au kitandani, wakati hakuna la kufanya. Sikumwona mwingine aliyekubali ubovu uanzie mwilini mwake, nusura umvunjie nyumba.

Msibani mjane alinishika mkono. "Shemeji, ulitakiwa utangulie wewe," akasema, tukacheka huku machozi yanatutoka. Kisha akanipa ile karatasi ya kabatini, imekuwa ya njano. Nilitafuta mstari wa wiki ile, nikijua nitakuta jina langu. Halikuwepo. Pembeni ya mia na ishirini ameandika kwa mwandiko wake mdogo: "Kingamwili iliganda njiani. Kosa langu. Nilimwambia asifungue, sikumwambia kwa nini." Tangu siku hiyo, kila ninapomtuma mtu kitu, namweleza na sababu, hata kama ana haraka, hata kama anajua kuliko mimi.