Mrushaji Bora Hakutoka Nabuyonga

Niseme mapema nani alikuwa na makosa, maana watu wa hapa Mbale wakisimulia habari hii humkwepa mwenye makosa kama wanavyokwepa shimo la choo. Mwenye makosa ni kocha wetu. Si mvua, si Ramadhani, si jicho baya la watu wa Jinja. Ni kocha. Jina lake sitaliandika, lakini akisoma atajijua, na asiposoma atasomewa.

Mimi sikusoma sana. Nilitoka darasani nikiwa bado mdogo, nikaenda Jinja kufanya kazi katika kiwanda cha nyuzi, na kiwanda kikanirudisha Mbale bila vidole viwili vya mkono wa kushoto. Wenzangu wananiambia nishukuru, kuna waliorudi bila mkono mzima. Nashukuru. Lakini aliyenifanya hivyo namjua: msimamizi wa zamu yetu, aliyetulazimisha kusafisha mashine ikiwa inazunguka, kwa sababu kuisimamisha kungemnyima sifa kwa mabwana zake. Leo ana nyumba ya bati jekundu kule Mafubira, Jinja. Nikipita pale nageuza uso. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba nilikuwa na sababu ya kuwapenda watu wa upande ule.

Sasa habari yenyewe. Hapa kwetu kuna vijana wanaocheza besiboli. Wageni waliuleta mchezo huo, wageni wakaenda zao, watoto wakabaki nao. Mtu mmoja anasimama katikati na kurusha mpira mdogo mgumu, mwingine anasimama na fimbo akijaribu kuupiga, na wengine wamesambaa nyuma kuudaka. Anayerusha ndiye mchezo wote. Akiwa mzuri, mwenye fimbo anapiga hewa na kurudi kukaa. Akiwa mbaya, mnaokota mipira kwenye mashamba ya watu hadi magharibi.

Mrushaji wetu alikuwa mtoto wa dada yangu marehemu. Nimemlea tangu hajaota meno, na mimi ananiita mama mdogo. Mikono yake ni mirefu, hata shati la shule halikuwahi kumfika kwenye kifundo cha mkono. Jinja nao walikuwa na wao, kijana wa Mafubira, mfupi, mpole, mwenye macho ya kusinzia. Msimu wote watu walibishana nani kati ya hao wawili ni Mrushaji Bora. Walibishana sokoni, walibishana wakisubiri iqama msikitini, mpaka imamu akakohoa.

Sisi tuna desturi yetu ya kumchagua, na ilizaliwa baada ya mwaka mmoja watu kupigana kwa fimbo zile zile za mchezo. Kila mji unaleta wasemaji wawili. Watu wa Jinja lazima wamsemee kijana wa Mbale, na watu wa Mbale lazima wamsemee kijana wa Jinja. Huruhusiwi kumsifu wa kwenu. Mnazungumza mpaka wote wanne mkubaliane. Warushaji wenyewe wanapika chai na kuwahudumia wasemaji, na hawaruhusiwi kutamka neno. Atakayefungua mdomo ametoka mashindanoni. Na atakayeshinda anapewa glavu mpya, kisha siku ya kufunga msimu anarusha mechi nzima, mwanzo hadi mwisho, hatolewi uwanjani.

Hilo la mwisho ndilo lililonikosesha usingizi.

Ramadhani ile mrushaji wetu wa pili alipata kazi Kampala akaondoka. Kocha, badala ya kumtafuta mwingine, akamrushisha mwanangu kila mechi, leo na kesho na keshokutwa. Saumu haikumdhuru, watu wanafunga na wanalima. Kilichomdhuru ni kutopewa hata siku moja ya kupumzisha mkono. Jioni moja tukifuturu nikamwona anainamisha kichwa kukifuata kikombe, badala ya kukiinua kikombe kije mdomoni.

“Mkono una nini?”

“Hauna kitu.”

Nikamshika kiwiko. Akaruka kama nimemchoma. Kilikuwa kimevimba, kina moto, na mkono haukunyooka.

“Mama mdogo, usiseme,” akaniambia. “Siku ya kufunga wanakuja watu wa Kampala kuchagua vijana wa timu ya taifa. Ukisema, nimekwisha. Niapie.”

Nikamwapia. Lakini kwa kocha nilikwenda, maana yeye nilijua anajua. Anauza ndoo na mabeseni kwa jumla, pale mjini. Alinisikiliza huku anafunga mzigo wa mteja.

“Mama, mkono wa mrushaji lazima uume,” akasema. “Usipouma haufanyi kazi.”

“Na ukikatika?”

“Haukatiki. Mchue.”

Msimamizi wangu wa Jinja naye alikuwa anaongea vivyo hivyo, macho yapo kwenye kazi, mdomo unakujibu wewe.

Basi Ramadhani ikaisha, Idi ikapita, msimu ukafika ukingoni, na kwa sababu mdomo wangu hauna breki, watu wakanichagua mimi niwe msemaji wa Mbale pamoja na kocha. Nikafurahi. Desturi ilinipa kazi ya kumsemea kijana wa Jinja, nami niliazimia kumsemea mpaka ashinde. Nivunje kiapo kwa nini, ikiwa mdomo unaweza kumtoa mwanangu uwanjani kwa njia ya halali? Watu waliponiona najiandaa wakasema, tazameni mama mwadilifu. Hawakujua kwamba ile ilikuwa hofu.

Tulikutana uani kwangu, Nabuyonga, Jumamosi baada ya swala ya alasiri, majirani wamejaa kusikiliza. Kutoka Jinja alikuja kocha wao, mwanajeshi mstaafu ambaye kila mtu anamwita Afande, na mama mmoja anayeuza mitumba Mafubira, mwanamke mnene mwenye sauti ya mlango wa chuma. Tulizungumza Kiswahili, kwa sababu Msoga wa Jinja hatakubali kushindwa kwa Kigisu, na Mgisu wa Mbale hatakubali kushindwa kwa Kisoga. Mimi ni wa ukoo wa wale askari walioletwa zamani kutoka Sudan. Kiswahili nimezaliwa nacho, lakini hapa kwetu watu walikizoea kama lugha ya askari, na hadi leo nikipaza sauti sokoni wapo wazee wanaoshtuka wakidhani wanaamriwa kulala chini.

Afande ndiye aliyeanza, kwa Kiswahili chake cha kambini.

“Mimi nasema hii kijana ya Mbale. Ramadhani yote iko nafunga, tumbo tupu, koo kavu, na bado watu yangu napiga hewa tu. Hii si mkono. Hii ni silaha.”

“Mwanangu alisimama mbele yake na fimbo,” mama wa mitumba akadakia. “Aliporudi nikamuuliza, mpira ulikuwaje? Akaniambia, mama, sikuuona. Niliusikia.”

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Walikuwa wanamsifia mwanangu kwa kile kile kilichokuwa kinammaliza.

Nikasema yangu. “Wa kwenu naye anarusha vizuri, lakini nyuma yake wenzake wanadaka kama wanaodaka viazi vya moto. Mechi alizoshindwa, wao ndio walioshindwa. Na hajawahi kuwageukia awatukane.”

“Polepole, mama,” Afande akasema. “Hao wa viazi ni mimi nafundisha.”

“Ndiyo nimesema.”

Wakacheka tena, na nikaona ninaanza kusikilizwa. Kisha kocha wetu akachukua zamu. Kwa desturi alipaswa kusaidiana nami. Akajikuna shingo.

“Kijana wa Jinja,” akasema, “ana viatu safi.”

Afande akavitazama viatu vya kijana.

“Ana adabu pia. Siku ile kwenu aliinua mkono mwenyewe akaomba kutolewa, eti amechoka. Ni mkweli.” Alilisema kama mtu anayetangaza kwamba mtoto wa jirani bado anakojoa kitandani.

Yule kijana mfupi, aliyekuwa anachochea moto, akainamisha kichwa. Mama wa mitumba akamtazama kwa aibu. Nikajua kocha amenizidi. Afande alikuwa tayari anavuta glavu kutoka kwenye mfuko, ishara kwamba mazungumzo yanakwisha.

Hapo mwanangu akaleta chai. Akapita kwa Afande kwanza, Afande akajichukulia mwenyewe kwenye sinia. Akafika kwa mama wa mitumba, akachukua kikombe, akampa. Kwa mkono wa kushoto.

Mama hakukipokea. Akakitazama kikombe, akamtazama kijana.

“Wewe, mtoto wa Kiislamu, unanipa chai kwa kushoto? Mimi ni nani kwako? Ni mbwa?”

Kwetu mtu anaweza kusamehe matusi, lakini si hilo, tena mbele ya watu.

“Mpe kwa kulia!” kocha akafoka. “Unatutia aibu!”

Mwanangu akaweka sinia chini, akahamisha kikombe. Mkono wa kulia ulifika nusu ya njia, ukasimama, ukaanza kutetemeka. Chai ikamwagika kwenye gomesi, lile gauni refu la heshima, ya yule mama. Alipoona uso wa kijana, hasira ikamtoka papo hapo. Akakishika kikombe, akakiweka chini.

“Mwanangu, umeumia wapi?”

Naye hakuweza kujibu, kwa sababu akijibu ametoka. Akanitazama mimi. Macho yake yalikuwa yananikumbusha kiapo.

Nikasimama. Mungu anisamehe kwa kile kiapo. “Ameumia kiwiko tangu Ramadhani,” nikasema. “Na aliyemuumiza ameketi pale kwenye kiti changu, anasubiri chai yangu. Alimrushisha kila siku kama pampu ya maji. Nilimfuata dukani kwake nikamwambia. Akaniambia nimchue!”

“Huyu mama ana uchungu wa kiwanda,” kocha akawaambia wenzake, si mimi. “Kila mtu kwake ni msimamizi.”

“Si kila mtu. Wewe.”

Afande aliinuka bila haraka, akamshika mwanangu kwapani, akamwambia anyooshe mkono. Haukunyooka. Akaubonyeza kidogo, akauacha.

“Hii mkono haiwezi rusha mechi nzima,” akasema. “Hata nusu.”

“Lakini tuzo ni ya msimu,” kocha akasema. “Tunapima alichofanya, hatupimi kiwiko. Nani amerusha kuliko yeye? Nyinyi wenyewe mmesema ni silaha!”

Na hapo, niseme ukweli, alikuwa na hoja. Mama wa mitumba aliguna kwamba ni kweli, kijana amestahili. Hata mimi moyoni nilijua kwamba kwa mpira mtupu, wa kwangu alikuwa mkali kuliko wao. Lakini nilikuwa bado nimesimama.

“Mwaka huu wote,” nikasema, “mmemcheka kijana wa Jinja kwa sababu aliinua mkono akasema amechoka. Hebu tazameni mkono wake.” Nikamwita, akaja. Akaunyoosha mkono wa kulia, ukanyooka kama rula. “Huyu atarusha mwakani. Na mwaka wa mbele yake. Wa kwangu sijui kama atashika jembe. Mrushaji ni yule anayejua mpira unatoka wapi. Huyu anajua: unatoka kwenye mkono.”

Mama wa mitumba akafuta gomesi yake. “Mimi nimekubali,” akasema. “Ingawa ni wa kwetu, na desturi inanikataza kumsifu.”

“Mimi nilisimama na hii kijana yenu mpaka sasa hivi,” Afande akasema. “Sasa nakaa.” Akakaa kweli.

Akabaki kocha. Wote wanne lazima wakubali, naye akakunja mikono. “Mimi sikubali. Na bila mimi hakuna uamuzi. Akirusha zamu chache tu watu wa Kampala watamwona, inatosha. Tutamfunga bandeji.”

Nilitamani kummwagia birika zima. Lakini kabla sijafika kwenye birika nikasikia sauti nyuma yangu.

“Kocha, kinauma.”

Ilikuwa sauti ya mwanangu, ndogo, kama ya zamani alipokuwa akiniamsha akiwa na homa. Wote tukageuka. Alijua kanuni kuliko sisi. Alikuwa analia bila kujificha, na akasema tena, kwa nguvu kidogo ili mtu asije akadai hakusikia:

“Kinauma. Mpeni yeye.”

Amezungumza, ametoka. Hapakuwa na la kukubali wala la kukataa. Kocha aliondoka bila kuaga, na mpaka leo hatusalimiani, na mimi sina haraka. Mwanangu naye alininunia. Alienda kulala kwa rafiki yake, akarudi kwa sababu ya njaa, akala bila kunitazama. Nikamwacha anune. Kununa hakuvimbi. Kwenye kliniki walisema bado kuna kupona, lakini asiguse mpira mpaka mvua zijazo. Nilipotoka pale niliketi kwenye ngazi, na muuza karanga akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, nimerudishiwa.

Siku ya kufunga tulikwenda Jinja pamoja. Watu wa Kampala walikuwepo na kofia zao. Kijana wa Mafubira alirusha vizuri, kisha jua likamkalia, mipira yake ikaanza kushuka chini kabla ya kufika. Afande akatoka kwenye benchi, akatembea hadi katikati ya uwanja, akanyoosha kiganja kuomba mpira.

“Afande! Desturi!” watu wakapiga kelele. “Hatolewi huyo!”

Afande hakugeuka. Kijana akampa mpira, akaanza kurudi akitazama chini, kama siku ile uani.

Mwanangu, aliyekuwa ameketi kando yangu na mkono wake kwenye kitambaa, akasimama. Hakuweza kupiga makofi, basi akaanza kupiga paja lake kwa mkono mmoja, pa, pa, pa, na kumwita yule kijana kwa sauti ya kuchokoza: “We mvivu! Njoo hapa, kuna nafasi!” Yule akacheka, akaja, akajibanza kati yetu kwenye benchi, jasho tupu. Nikawagawia chapati zote mbili nilizobeba, na mimi nikabaki na chai.