Ardhi Tupu Katikati ya Hoosley

Nilisafiri kwenda Garissa nikiwa na jibu tayari, na jibu lenyewe lilikuwa hapana. Mke wangu, Mwende, ni mtaalamu wa maabara. Alihamishiwa huko miaka miwili iliyopita, nami nikabaki Mwingi na watoto wetu wawili na mama yangu, nikifundisha jiografia. Mtoto wetu mdogo, Kioko, ana miaka mitatu na anamjua mama yake kwa simu tu. Siku moja nilimkuta amelala ameikumbatia simu iliyozimika, nikatoka nje nikasimama karibu na tangi la maji mpaka macho yakanikauka.

Kisha Mwende akapata nyumba. Haikuwa chumba kimoja cha mjini kama kile alichokuwa akipanga. Ilikuwa nyumba nzima katika mji mpya uliopangwa kando ya Garissa, unaoitwa Hoosley, yaani mahali penye kivuli kwa Kisomali. Mwenye nyumba alimruhusu akae humo mpaka mwisho wa mwezi huku akiamua. "Njoo uone kwa macho yako," Mwende aliniambia. "Ukikubali, tutahamia wote. Ukikataa, sitakuuliza tena." Hilo la kutoniuliza tena ndilo lililonipandisha basi.

Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, niliondoka Mwingi. Mama alikuwa amenifungia mbegu za kunde nimpelekee mkwewe, maana kwetu mtu haendi ugenini mikono mitupu. Kuanzia Nguni mashamba yalianza kuachana, na tulipopita Ukasi yakaisha kabisa. Ilibaki migunga, udongo mwekundu na barabara iliyonyooka mpaka ikachosha macho. Abiria mwenzangu, mama mmoja aliyekuwa akirudi kwake, aliniuliza kama ni mara yangu ya kwanza. Nikamwambia ndiyo, ila nafundisha jiografia. Alinitazama kwa huruma, akanipa tende.

Madogo, kabla ya mto, tulishushwa wote kuonyesha vitambulisho, kisha tukavuka daraja. Chini yetu Tana ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na kingo zake zilikuwa na migomba na miembe. Hatua chache tu kutoka hapo, kijani kiliisha. Korongo wakubwa wenye vipara walikuwa wamesimama juu ya mapaa ya mji wakitutazama. Joto lilinipiga usoni nilipofungua dirisha.

Saa tano kasoro bajaji ilinifikisha Hoosley. Nilitarajia lango kubwa na ukuta wenye vipande vya chupa, lakini hapakuwa na ukuta. Palikuwa na kibanda cheupe na mwanamume mnene mchangamfu aliyevaa kikoi, kofia na viatu vya plastiki. Huyo ndiye Abdi, katibu wa kamati ya wakazi.

"Wewe ndio bwana ya abaayo Mwende?" aliuliza, akinishika mkono kwa mikono yake miwili. Abaayo ni dada. "Karibu sana, Mwalimu. Wallahi, huyu mama anatubimia malaria fizuri, lakini anakula beke yake. Hiyo si maisha."

Mwende alikuwa kazini mpaka jioni, kwa hiyo Abdi akanitembeza. Jambo la kwanza nililoliona ni kwamba hakuna mtaa ulionyooka. Niliuliza kama mchoraji alikuwa mlevi. Abdi alicheka mpaka akakohoa. Alinieleza kwamba hawakukata miti iliyokuwapo. Kila mgunga una kibati chenye namba, na barabara inauzunguka. Nyumba ni nyeupe, zina kuta nene, na madirisha yake yanaelekea upande upepo unakotoka. Maji ya mvua yanashuka kutoka mapaani hadi kwenye birika chini ya ardhi, na maji ya kuoshea vyombo yanakwenda kwenye mtaro wa migomba. Nilitafuta nguzo za umeme nisizione.

"Ziko wabi?" niliuliza, nikijikuta nimeiga ile b yake inayokaa mahali pa p.

"Wewe tayari unaongea kama sisi," Abdi alinitania. "Waya iko chini. Twiga ikibita na shingo yake, unataka inyongwe?"

Nilidhani ananipima akili. Lakini jioni hiyo, Mwende aliporudi na tukawa tumekaa kibarazani tukila anjera, ile mikate laini kama chapati, na nyirinyiri, nyama iliyokaushwa kwa mafuta, twiga wawili walipita nyuma ya nyumba ya jirani bila haraka, wakichuma majani ya mgunga namba arubaini na moja. Hakuna aliyeinua kichwa ila mimi. Mwende hakutazama twiga, alikuwa akinitazama mimi.

"Kwa hiyo?" aliuliza.

"Bado naangalia," nilisema. Nilijua natoroka swali, naye alijua pia.

Ukweli ni kwamba lile hapana lilikuwa limeanza kulegea. Kitu kimoja tu kilinikera. Katikati ya mji huu uliopangwa kwa akili nyingi hivi, palikuwa na ukanda wa ardhi tupu, upana wake kama hatua hamsini, uliotoka porini ukapita kati ya nyumba hadi mtoni. Haukuwa na mti, jengo wala kibao, udongo mtupu tu. Na ulikuwa ukipita mbele ya mlango wa nyumba tuliyopewa! Sisi Wakamba tukiona ardhi imelala tu, viganja vinatuwasha. Niliamini nimegundua kasoro ya Hoosley: wanajua kupanga miti, hawajui kulima.

Ijumaa asubuhi Mwende alikwenda kazini. Wahenga wamesema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi siku ya tatu niliiona mbali, nikalifuata jembe mwenyewe siku ya pili. Ghala la Abdi lilikuwa na majembe mengi, kwa sababu wakazi hukutana kila mwezi kung'oa mathenge, ule mti wa miiba unaovamia kila mahali huko. Aliponiona nataka jembe, uso wake uling'aa.

"Maashallah! Mgeni amekuja kung'oa mathenge. Chukua, chukua."

Sikumsahihisha, kwa kuwa nilitaka kuwashtua wote kwa jambo jema. Nililima tangu saa moja hadi jua liliponifukuza, mtaa ukiwa mtupu kwa kuwa watu wako kazini, na mchana watu walipokwenda msikitini nikarudi kumalizia. Ardhi ilikuwa ngumu kama sakafu, na hilo pekee lingemfanya mwalimu wa jiografia ajiulize kwa nini. Sikujiuliza. Nilichimba matuta manne yaliyokatiza ukanda ule karibu upana wake wote, nikapanda kunde za mama, nikakata vigingi na kuzungushia kamba ya manila. Mwende alirudi magharibi imeingia, akala, akalala kwa uchovu. Nikasema nitamwonyesha asubuhi.

Jumamosi, kabla jua halijachomoza vizuri, niliamshwa na sauti ya kengele za mbao. Nilifungua mlango. Ukanda wote, tangu kamba yangu hadi porini, ulikuwa umejaa ngamia. Walikuwa wamesimama kimya, mbavu zinahesabika, shingo zimeelekea mtoni. Mvua ilikuwa imekataa huko walikotoka. Walikuwa wanausikia mto kwa pua, nao haukuwa mbali. Mbele yao alisimama mwanamume mrefu wa makamo, fimbo mabegani, akiitazama kamba ya manila.

Abdi alikuja mbio akifunga kikoi. Watu wakaanza kutoka majumbani.

"Abdi," yule mwanamume alisema kwa Kiswahili, kwa makusudi, ili wote wasikie. "Kamati imeuza malka?"

Ndipo nilipolisikia neno hilo kwa mara ya kwanza. Malka ni njia ya mifugo kwenda mtoni.

"Gedi, wallahi, hakuna mtu ameuza."

"Basi kamba hii nani ameweka? Hii ni shamba. Ngamia yangu ikikanyaga, kesho nitaitwa kwa wazee, nitaambiwa nimekula shamba ya mtu. Watu wamekufa kwa maneno kama hii, huko chini kwa mto. Nyinyi mlikuja kwa kisima yetu mkaomba tuwaachie kujenga, mkaapa malka itabaki. Kama mmeuza, niambie sasa, mimi nizunguke."

Kuzunguka, Mwende aliniambia baadaye, kulikuwa safari ya siku nzima. Baadhi ya wale ngamia wasingefika.

Nikamwona Abdi anageuka polepole kuwatazama wakazi wenzake, mmoja mmoja, akitafuta ni nani kati yao amemvunjia kiapo. Hakunitazama mimi. Kwake mimi nilikuwa nimeng'oa mathenge. Nasema wazi, wazo la kunyamaza lilinijia. Basi la kurudi Mwingi lilikuwa linaondoka saa tatu. Lakini Mwende alikuwa amesimama mlangoni nyuma yangu, ameziona kunde zilizomwagika kizingitini, na ameshajua.

"Ni mimi," nilisema. "Kamati haijauza kitu. Ni mimi niliyelima."

Gedi alinitazama kutoka viatu hadi kichwani. "Kwa nini?"

"Niliona pako tupu."

"Tubu?" Aligeuka akawatazama ngamia wake, akanitazama tena. "Hii?"

Mtu mmoja alicheka, kisha akaacha. Ningetamani waendelee kucheka. Niliingia katikati ya ukanda nikaanza kung'oa vigingi. Mafundo niliyoyafunga kwa ufundi yakakataa kufunguka. Mwende alikuja na kisu cha jikoni, akaikata kamba. Abdi alikuja na jembe, na majirani wengine wawili, tukayasawazisha matuta na kuyashindilia kwa miguu. Kazi ya siku nzima ilifutika kabla chai haijachemka.

Nilijitenga kando ngamia wapite. Gedi akatikisa kichwa.

"Hapana. Wewe umefunga, wewe ufungue. Tembea mbele."

Basi nikatembea. Nilipita katikati ya mji wa Hoosley nikiwa mbele ya ngamia kama bwana harusi aliyekosa bibi. Gedi alitembea kando yangu. Nikamuuliza, kwa vile kuuliza si ujinga na ningeuliza juzi yasingetokea haya, kwa nini hakuna kibao.

"Kibao ya nini? Kila mtu anajua."

"Mimi sikujua."

Alifikiri. "Hiyo ni kweli," alisema.

Kisha akanisimulia. Kabla nyumba ya kwanza haijajengwa, mchora ramani, msichana wa Garissa aliyesomea Nairobi, alimwomba alete ngamia wakati wa kiangazi apite anavyopita siku zote. Msichana alifuata nyuma akiwa na simu yake, akipima kila kona. Ngamia wakipinda, naye anapinda. Wakilala kivulini, anaweka alama kwenye mti. Ukanda huu ulichorwa kwanza, na nyumba zikawekwa katika nafasi zilizobaki. Nilikuwa nimeutafuta ubovu wa mji huu katika kile kile ulichojengwa kukizunguka.

Mtoni ngamia walitupita wakatumbukiza midomo wote kwa pamoja. Sijawahi kusikia sauti kama ile, ya koo nyingi zikinywa. Gedi alichuchumaa, akanawa uso, akasema bila kunitazama, "Sasa utarudi kwenu?"

"Sijui kama watanitaka hapa."

"Watacheka mwaka moja. Halafu atakuja mgeni mwingine."

Nilirudi nikamkuta Mwende kibarazani. Nilitaka kuomba radhi kwa Kikamba, maana kuna mambo hayatoki vizuri kwa lugha nyingine. Hakuniacha nimalize.

"Mwezi wangu wa kwanza nilikuja hapa kutembea," alisema, "na mimi nilitamani kupalima. Tofauti ni kwamba nilimuuliza Abdi." Kisha akaangua kicheko, akacheka mpaka akalia, na kilio kile hakikuwa cha kicheko. "Nilidhani utapanda basi," alisema.

Jumapili mchana nilivuka daraja kurudi. Njia nzima niliitazama ile nchi niliyoiona Alhamisi, migunga na udongo mwekundu, nikagundua kwamba imejaa vijia kila mahali, vyembamba, vinavyopinda, vyote vinakwenda mahali. Kwa miaka mingi nimewaandikia watoto ubaoni kwamba sehemu kubwa ya kaskazini mashariki ni ardhi isiyotumika, nao wameandika hivyo kwenye mitihani, nami nimewapa alama.

Jumatatu, Mwingi. Somo la kwanza nililifuta hilo. Somo la pili nilikwenda kwa mwalimu mkuu kuomba fomu ya uhamisho. Alivua miwani. "Walimu wote wanaomba kutoka huko, wewe unaomba kuingia?" Nikasema ndiyo, na mama yangu amekubali, na mtoto wetu mkubwa anauliza twiga wanalala saa ngapi.

Fomu ina nafasi ya sababu, mistari mitatu. Nilianza kuandika juu ya kuta nene, birika na miti yenye namba, nikajaza mistari miwili. Nikakata yote. Kwenye mstari uliobaki niliandika: Nataka watoto wangu wakae na mama yao.